Birika Lisiloimba

Mimi chai ambayo sikuisikia ikichemka siiamini. Wajukuu zangu wana birika la umeme linalojizima lenyewe, na wananicheka nikisimama karibu nalo nimetega sikio. Wacheke tu. Wangeolewa Mbeya miaka ile niliyoolewa mimi, wakaishi na baba mkwe ambaye hawaruhusiwi kumwona, nao wangetega sikio.

Kwetu ni upande wa Idodi, Iringa, kwenye barabara iendayo mbugani. Mimi ni Mhehe, na hilo silisemi kwa kunong'ona. Mume wangu ni Mnyakyusa. Wazazi wake walikuwa wamehamia Mbeya mjini, upande wa Soweto, na siku hizo kati ya nyumba na nyumba bado kulikuwa na mahindi na migomba. Tulijuana Iringa alipokuja kujifunza useremala. Tulipooana, miaka ya sabini mwanzoni, alikuwa ameshapata kazi kwenye ujenzi wa reli huko Makambako, kwa hiyo mimi nikapelekwa kwao kukaa na mama mkwe.

Siku ya kwanza nikawaamkia kwa Kihehe, "Kamwene," wakaangua kicheko. Wakanitania kwamba Wahehe tunakula mbwa, utani ambao Mhehe yeyote aliyetoka kwao anaujua, na mimi nikawajibu kwamba kwao mtu akikosa ndizi siku moja tu anaitiwa mganga. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Nikajisemea, hapa nitakaa.

Kisha akanikalisha chini akanipa sheria za nyumba. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, mkwe wa kike haonani na baba mkwe. Si ugomvi, ni heshima. "Usipite njia anayopita," akaniambia. "Ukimwona kwa mbali, kata kona. Kama kona hakuna, chuchumaa ujifunike kichwa. Usimwite, usimjibu, na jina lake usilitaje hata ukiwa peke yako." Kwetu nako tuna heshima zetu za ukwe, lakini hii ilikuwa kali. Nikamuuliza, "Sasa mama, mtu anaishije nyumba moja na mtu asiyemwona?"

"Utamsikia," akanijibu.

Na kweli nilimsikia. Mama mkwe alitoka alfajiri kupeleka ndizi sokoni, na chai ya mzee ikawa kazi yangu. Jiko lilikuwa limeshikana na chumba chake, katikati ukuta mmoja tu wa tofali mbichi. Lilikuwa na milango miwili, mmoja wa kuingilia ndani ya nyumba, mwingine wa uani. Mzee alipenda kunywa chai palepale jikoni, miguu karibu na moto, maana baridi ya Mbeya haina adabu. Kikombe cha kwanza nilimwekea mimi na kutoka kwa mlango wa uani kabla hajaingia. Cha pili alijimiminia mwenyewe.

Mtu atauliza, alijuaje wakati wa kuingia? Kwa maji. Kulikuwa na sufuria moja kuukuu, jeusi nje, na ndani limesuguliwa kwa mchanga miaka na miaka mpaka limejaa mikwaruzo ya duara. Maji yake yalianza kunong'ona mapema, yakaja yakaimba, yakaimba kwa nguvu, halafu sauti ikashuka yakawa yanatokota tu. Yakianza kuimba, mzee alikohoa kule chumbani na kuanza kutafuta viatu. Sauti ikishuka, mimi namimina, natoka. Anaingia. Hatukuwahi kukosana hata mara moja. Na msiniambie ningegonga ukuta. Kugonga ni kumwita, na mkwe hamwiti baba mkwe. Maji peke yake ndiyo yalikuwa na ruhusa ya kumwita.

Mimi nilikuwa na shida ya kitu kimoja tu, moto wangu. Nyuma ya nyumba mume wangu alikuwa amejenga vyumba viwili na jiko dogo lenye mafiga matatu, lakini mafiga hayo yalikuwa hayajaona hata jivu. Mkwe hajiwashii. Anangoja siku mama mkwe atakapochukua kijinga cha moto kutoka jikoni kwake na kumpelekea. Mpaka siku hiyo unapika kwenye jiko la mwenzio, unaonja chumvi ya mwenzio, na mumeo akija likizo anakula kwa mama yake kama kapera. Mama mkwe alikuwa ameniahidi, "Tukishavuna mahindi, mwanangu." Nilikuwa nayaangalia yale mahindi kila asubuhi, natamani niyavute kwa mikono yarefuke.

Sasa, birika. Nililileta mwenyewe, zawadi ya mama yangu mzazi, ambaye alilinunua kwenye duka la Mhindi mjini Iringa. Lilikuwa la enameli, la Kichina, maana siku hizo vyombo vya Kichina vilijaa madukani. Jeupe nje na ndani, ua jekundu ubavuni, ukingo wa buluu. Ndani ukipitisha kidole kinateleza tu, hakishiki popote. Mama mkwe alilitundika ukutani na majirani wakaja kulitazama. Halafu siku moja akalitungua akasema, "Mzee naye anywe chai kama mtu. Kuanzia kesho chai yake ni humu." Sufuria kuukuu likapewa maharage.

Kesho yake nikakaa mbele ya birika nikingoja. Moto unawaka vizuri, kuni kavu, maji kimya. Mvuke unatoka kidogo mdomoni, lakini kuimba hakuna. Upande wa pili wa ukuta nako kimya. Nikadhani enameli ni mvivu, nikaongeza kuni. Mara nasikia mlango wa ndani unalia, mzee amechoka kungoja, anakuja! Nilitoka uani kama kuku aliyefukuzwa, na chai sikuwa nimemimina. Nilikaa nyuma ya migomba mpaka alipoondoka.

Siku chache zikapita hivyo, kwa kubahatisha. Halafu ikaja asubuhi yenyewe. Birika lilikuwa limenyamaza kabisa, nikainama kusogeza ukuni, mara likaruka. Nasema likaruka! Mfuniko ukaenda upande wake, maji yakafumka kwa mdomo na kwa juu, yakamwagikia moto, jivu na mvuke vikajaa jiko zima. Nikapiga kelele, "Yuuu, mama yangu!" Mzee wa watu akajua mkwe ameungua. Akasahau sheria, akaja mbio. Tulikutana katikati ya moshi. Nilichuchumaa palepale, kanga kichwani, na nilichokiona ni miguu yake mitupu, kidole gumba kimoja kimepinda. Alisimama kidogo. Alipoona sijaungua akageuka, akaenda zake.

Wifi yangu mkubwa alipopata habari alisema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," na wote wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Akachinjwa kuku, mashangazi wakaitwa, yakasemwa maneno ya kuisafisha nyumba. Watu walipoondoka, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, moto wako usubiri kwanza. Mkwe asiyejua kumpisha baba mkwe hapewi jiko. Mwaka ujao tutaona."

Mwaka ujao! Nilikwenda shambani nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Niliiambia migomba yote ninayoyafikiria, kuhusu birika, kuhusu Wanyakyusa na kuhusu mume wangu aliyekwenda kupiga misumari ya reli akaniacha nikipambana na maji.

Jioni nikamwomba mama mkwe tulirudishe sufuria. Akashtuka. "Majirani waseme nimelificha birika la mkwe?" Nikamwomba basi nilisugue birika kwa mchanga, ndani tu. Ndipo akashtuka zaidi. "Birika la mama yako? Ulikwaruze? Siku akija nimwambie nini?" Kwa hiyo birika lazima litumike, na lisiguswe, na baba mkwe asikutane nami tena. Haya sasa.

Kesho yake mama mkwe alipokwenda sokoni na mzee alipokwisha kunywa na kuondoka, nikateka maji mengine, nikabandika birika nikaacha mfuniko wazi. Uzuri wa chombo cheupe ni kwamba hakifichi kitu. Viputo vilikuwa vinatoka mahali pamoja tu, karibu na kiungo cha mdomo, ambapo rangi ilikuwa na kitundu kidogo sana. Kiputo kikitoka pale kinafuatwa na kingine, mkufu mzima unapanda, na sehemu nyingine zote za kitako hakuna kitu. Nikaenda kwenye sufuria la maharage, nikalisafisha, nikatia maji safi. Huko viputo vilitoka kila mahali, na vilifuata mikwaruzo ile ya duara, mstari kwa mstari, mahali mkono wa mama mkwe ulipopita na mchanga miaka yote. Nikasema kwa sauti nikiwa peke yangu, "Kumbe maji nayo yanataka pa kuanzia!" Yakikosa, yanameza moto na kunyamaza mpaka yanashindwa kuvumilia.

Mjukuu wangu mmoja anayesomea uhandisi amenieleza hivi karibuni kwamba ndivyo ilivyo. Mkwaruzo hushika hewa kidogo, na mvuke huanzia pale. Anasema sasa wataalamu wanachora juu ya chuma vishimo vidogo hata hadubini ya shuleni haivioni, ili maji yachemke mapema na yabebe moto mwingi zaidi. Nilimsikiliza kwa furaha, maana ni raha kuambiwa na msomi kitu ulichokiona kwa macho yako ukiwa umekasirika.

Lakini mimi vishimo sikuweza kuchora, nilikatazwa. Ndipo nikakumbuka mawe. Mbeya ile imezungukwa na milima iliyowahi kutema moto, na mawe yenye matundu yapo kila mahali. Wanawake wote wanayo bafuni ya kusugulia visigino. Msinione mchafu, sikuchukua la bafuni. Nilitafuta jipya kule mtoni, nikalichemsha, nikalisugua, nikalitia birikani. Likaelea! Linazunguka juu ya maji kama kifaranga cha bata, kazi hakuna. Nikarudi mtoni nikatafuta jeusi, zito kidogo, dogo kama yai la kuku mtetea mdogo, lenye matundu tele. Hilo likazama.

Asubuhi nikawasha moto. Maji yakaanza kunong'ona. Nikafunua kidogo, jiwe lote limefunikwa viputo, vinapanda pande zote. Nikafunika. Yakaimba, yakaimba vizuri kuliko hata sufuria. Upande wa pili wa ukuta mzee akakohoa. Nikangoja sauti ishuke, nikamimina, nikatoka taratibu kama mwanamke mwenye nyumba yake. Nilipofika kwenye migomba nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Kesho yake, kimya. Jiwe limo ndani, na maji yamenuna vilevile. Nilitaka kulitupa barabarani. Nilipotulia nikawaza kwamba jiwe lilikuwa limelala ndani ya birika usiku kucha. Matundu yote yameshakunywa maji, hewa imekwisha. Nikalianika juani siku nzima, na asubuhi iliyofuata likaimbisha maji tena. Kuanzia hapo, kila nikiosha birika nalitoa jiwe na kuliweka dirishani likauke.

Mama mkwe akaliona. "Hili jiwe la nini?"

"La kisigino, mama."

"Na lile la bafuni?"

"La kisigino kingine."

Akanitazama, akatikisa kichwa. Bado aliona mkwe wake wa Kihehe ana mambo, lakini hakuuliza zaidi.

Masika yakakaza, jua likawa la kuomba. Asubuhi moja ya mvua nilimwekea mzee chai nikatoka kwa haraka, na nilipochelewa kurudi kuosha vyombo nikakuta birika limeshamwagwa maji, mfuniko umelazwa kando, na jiwe langu limewekwa juu ya figa, upande wa jivu la moto, linakauka. Siku hiyo mama mkwe alikuwa amerudi mapema kwa sababu ya mvua, na alikuwa palepale uani akikung'uta kanga. Nikajua nimekwisha. Ameliona, amejua jiwe la miguu linachemshwa kwenye chai ya mume wake, na mimi jiko sitalipata mwaka huu wala ujao.

Nikangoja kukaripiwa. Mchana ukapita, jioni ikapita, hakuna neno. Na jambo lenyewe likajirudia. Nikisahau jiwe ndani ya birika, nalikuta juu ya figa. Siku ya mawingu, nililoliacha dirishani nalikuta limesogezwa karibu na jivu. Mama mkwe ananikabidhi mchicha, ananisimulia habari za sokoni, ananicheka ninavyotamka Kinyakyusa, na mimi nahisi kisu kiko nyuma ya mgongo wake. Niliwaza, mama huyu anaitunza siri aje aitoe mbele ya mashangazi. Nilikonda, jamani. Lakini jiwe sikuliacha, maana kila asubuhi maji yaliimba, mzee alikohoa, nikamimina nikapisha, na hatukukutana tena.

Mahindi yakakauka, tukavuna. Mume wangu akaja likizo, na siku ya pili yake mama mkwe akaniita jikoni. Mashangazi walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Nikasema moyoni, ndiyo leo. Akainama kwenye moto wake, akachagua ukuni uliokolea vizuri, akaushika kwa majani ya mgomba, akaniambia, "Simama, twende kwako."

Nilisimama kama sikusikia. "Mama, si ulisema mwaka ujao?"

"Nilisema mimi. Baba yako amekataa." Akahamishia kijinga mkono mwingine. "Anasema tangu aanze kuwa na wakwe, hajapata anayempisha vizuri kama huyu Mhehe. Kila siku anaambiwa mapema. Anasema anayetaka mkwe angoje mwaka ujao akangoje yeye mwenyewe."

Mashangazi wakapiga vigelegele. Tukavuka uani, akausukuma ule ukuni katikati ya mafiga yangu matatu, akapuliza, kuni zikashika. Halafu akatoa kitu kwenye pindo la kanga, kimefungwa kwa jani la mgomba. "Na hiki amekupa. Mimi sielewi, nakufikishia tu."

Nikafungua. Lilikuwa jiwe jeusi, zito kidogo, lenye matundu, jipya, limeoshwa likatakata.

"Anasema ni la jiko lako," mama mkwe akaendelea, "lile la zamani limeanza kulika. Na anasema usiliache kulala ndani ya maji, uwe unalianika. Jiwe la kuanikwa! Ah, wanaume hawa wakizeeka, mwanangu, tuwavumilie tu."

Hakuwa anajua kitu. Hata siku moja hakuwa amejua. Nilikumbuka kikombe cha pili, kile mzee alichojimiminia mwenyewe, na jiwe likigonga ndani ya birika kila anapoliinamisha. Nilikaa chini mbele ya mashangazi nikalia, nao wakasema ni moshi, moto mpya una moshi. Nikafuta machozi nikamwambia mama mkwe amwambie baba, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Akasema atamwambia.

Walipoondoka, mume wangu akakaa mlangoni akaniuliza leo anakula nini nyumbani kwake. Nikamwambia atulie, kwanza chai. Nikatia maji kwenye birika la mama yangu, nikaliweka lile jiwe jipya ndani, nikalibandika juu ya moto wangu. Uani, nyuma ya ua wa matete, mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anaota jua la jioni. Sikumwona, nilijua tu. Maji yakanong'ona, yakaanza kuimba.

Mzee akakohoa.

Sikuwa na ruhusa ya kumjibu. Nikasogeza mfuniko kidogo ili sauti itoke zaidi.